Maneno Matano ya Babu Posta

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya ishirini na tatu ya ndoa. Bado nahesabu. Mume wangu (kalamu yenyewe hutabasamu ikifika kwenye maneno haya mawili) ameondoka saa kumi na mbili na nusu na begi lake la bisibisi, kwenda kufufua friji za watu. Ameniachia yai la kuchemsha mezani. Limemenywa. Nani siku hizi humenyea mtu yai? Nimelitazama mpaka nikachelewa kazini dakika kumi na moja.

Muuguzi Mkuu alikuwa amekwisha kuwakusanya wahudumu chumba cha chai. Ijumaa, amesema, ni tathmini ya kumbukumbu ya muda mfupi kwa wazee wetu. Hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mimi nina miezi miwili tu hapa kwenye makao ya wazee, kwa hiyo sijawahi kuiona. Nimeuliza maswali saba. La nane akanikata, akasema mengine nikamwulize mume wangu. Wote wakacheka. Nami nikacheka, kwa raha ya kusikia mtu mzima akitaja mume wangu mbele ya watu.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mzee anatajiwa maneno matano. Anayarudia papo hapo, ijulikane kwamba ameyasikia. Kisha anapigishwa soga dakika tano juu ya mambo mengine kabisa: hali ya hewa, viatu, wajukuu. Halafu anaulizwa yale maneno yalikuwa yapi. Kila neno alama moja. Basi, imekwisha. Kumbe kichwa cha mtu hupimwa kwa kitu kidogo hivyo. Nimesisimka mwili mzima.

Anayepata nne au tano anakaa upande wa bustani na kutunza dawa zake mwenyewe. Mbili au tatu, anakaa bustani lakini dawa anapewa mkononi. Moja au sifuri, anahamia upande wa ndani, ambako mhudumu yupo saa zote na mlango una komeo.

Baadaye nilikuwa nyuma ya kabati la mashuka natafuta foronya. Sikuwa nasikiliza. Masikio yalikuwa wazi tu. Muuguzi Mkuu alikuwa akimwambia Dada Saa kwamba Babu Posta mara iliyopita alipata mbili kwa kubahatisha, na safari hii huenda akahamishiwa ndani.

Babu Posta alipeleka barua za watu kwa miguu miaka thelathini na minne. Mkewe ni Bibi Cherehani, aliyeshona sare za shule mpaka vidole vikapinda. Wanakaa chumba namba sita. Ndoa yao ina miaka hamsini na mmoja. Wakinywa chai, mkono mmoja unashika kikombe, wa pili unashikana na wa mwenzake. Leo mtu aje awatenganishe kwa ajili ya maneno matano? Nami nipo, nina macho mawili na ndoa changa? Nimeapa juu ya foronya: haitatokea.

Kuhusu Dada Saa. Ni mhudumu mwenzangu, ametoka chuoni mwezi uliopita, huvaa saa ya kupimia muda shingoni hata akienda kula. Yeye ndiye atakayefanya tathmini. Mimi nitabeba viti. Nilimwomba tubadilishane. Akaniuliza kama najua tofauti ya kumbukumbu ya muda mfupi na ya muda mrefu. Nikamjibu ya muda mfupi ni ya harusi yangu, ya muda mrefu ni ya Bibi Cherehani. Hakucheka. Akatazama saa.


Jumanne, 5 Machi

Siku ya ishirini na nne.

Dada Saa aliacha ubao wake wa kuandikia juu ya friji ya dawa, akaenda kunawa mikono. Sikuugusa. Niliuinamia tu. Ufunguo, kiti, mvua, kijiko, bluu. Nikayaandika kiganjani kwa kalamu, nikaenda kuosha vikombe thelathini. Yakabaki "kiti" na nusu ya "kijiko". Nikarudi kuinama tena.

Mpango wa kwanza: mapenzi. Mtu hasahau hadithi ya mapenzi. Nikamkalisha Babu Posta barazani, nikamsimulia. Kijana mmoja alipoteza ufunguo. Akakaa kwenye kiti nje ya nyumba. Mvua ikamnyea. Akawa anakinga matone kwa kijiko, maana hakuwa na kitu kingine duniani. Ndipo akatokea binti wa gauni la bluu. Mimi mwenyewe nilitokwa na machozi.

Dakika tano baadaye nikamwuliza anakumbuka nini. Babu akauliza huyo kijana ana kazi gani. Nikasema hilo halimo. Akasema limo sana: mwanamume anayekaa mvuani na kijiko mkononi haozeshwi binti wa watu, na wazazi wa yule msichana waambiwe mapema. Maneno? Hakuna hata moja. Alikumbuka tu kwamba kuna mtu anahitaji kuonywa.

Lakini sikiliza, ewe shajara, jambo la ajabu. Nikamwuliza, kwa kujaribu tu, nani aliishi nyumba namba kumi na mbili ya barabara yake ya kwanza. Hapo hapo akanijibu: mwalimu wa hesabu, mbwa mweupe, barua kila Jumanne kutoka kwa dada yake, na lango linakwama, lazima ulinyanyue kidogo. Miaka arobaini iliyopita! Na hadithi yangu ya dakika tano imekwenda wapi? Nimejiuliza njia nzima ya kurudi nyumbani. Je, iko mahali fulani humo kichwani, imekaa gizani, inasubiri kuitwa? Au haikuingia kabisa?

Jioni nikampima mume wangu tukila. Amekumbuka mawili: kiti na kijiko. Nadhani ni kwa sababu alikuwa amekikalia kimoja na kukishika kingine. Niliogopa. Mume wa miaka ishirini na tisa, mbili kwa tano! Nikamwuliza dakika zile tano alikuwa anawaza nini. Akasema alikuwa ananitazama. Nimempa tano.


Jumatano, 6 Machi

Siku ya ishirini na tano. Nimeandika tarehe mara mbili kwa furaha.

Asubuhi nilikuwa nambadilishia Bibi Cherehani mashuka, nikamwuliza kijanja, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, ni vitu gani mume wake hukumbuka. Bibi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Hakuinua macho. Akasema babu huyo tangu ujana hajawahi kukumbuka kitu kisicho na mlango. Siku ya harusi yao alisahau pete, akasahau viatu vyeusi, akamsahau na msimamizi wake stendi. Lakini ukumbi wa harusi aliufikia kabla ya watu wote, kwa sababu ulikuwa na namba mlangoni. Ukitaka akumbuke chumvi, akasema, usimwambie chumvi. Mwambie chumvi ya nyumba namba nne.

Nilidondosha shuka.

Mpango wa pili: barua. Nikamfuata Babu sebuleni. Nikamwambia kuna mzigo wa leo, vipande vitano. Akakaa wima pale pale, akafunga kifungo cha juu cha shati. Ufunguo, nyumba namba moja, kwa seremala. Kiti, namba mbili, kwa mjane mwenye miguu mibovu (Babu akasema vizuri, yule anakihitaji). Mvua, namba tatu, kwenye paa linalovuja. Kijiko, namba nne, kwa mama wa mapacha. Bluu, namba tano, kwa mpaka rangi.

Dakika tano. Nikamwuliza. Akafumba macho, miguu ikaanza kutembea chini ya meza, polepole, kisigino kwanza. Ufunguo. Kiti. Mvua. Kijiko. Bluu.

Nikasubiri ishirini. Yote matano. Nikasubiri mpaka baada ya chakula cha mchana. Matano! Nikacheza na fimbo ya deki kutoka sebuleni mpaka jikoni. Mpishi akaniuliza kama nina mimba.

Nawaza: kumbe kichwa cha Babu hakijafungwa. Ni sisi tunaobisha kwenye ukuta badala ya mlango. Kesho nitamweleza Dada Saa ugunduzi huu. Hapana, sitamweleza.

Kasoro ndogo tu. Sebuleni tulikuwa na wazee wengine saba. Mmoja ni Mzee Redio, anayetembea na redio iliyokufa siku nyingi sikioni na kutuhabarisha yanayotokea. Wote walikuwa kimya mno.


Alhamisi, 7 Machi

Siku ya ishirini na sita. Mambo yameharibika kidogo.

Saa moja asubuhi, wazee wakiwa kwenye chai, Mzee Redio akasimama na redio yake na kutangaza kwamba habari kwa ufupi ni ufunguo, kiti, mvua, kijiko na bluu. Meza ya pili wakaitikia. Mama mmoja ambaye tangu nije hapa hunisalimu kama shangazi yake akaniita, akanishika mkono na kuninong'oneza yote matano kwa mpangilio.

Nikapita meza kwa meza nikiwaomba wayasahau. Nimegundua kitu: mzee ukimwambia asahau jambo, hilo ndilo atakalolala nalo. Kufikia saa nne walikuwa wanayaimba. Nikamwomba Mzee Redio walau abadilishe habari. Akasema yeye hasomi habari za uongo, na hizi zimethibitishwa na vyanzo viwili.

Nikamtazama Dada Saa. Alikuwa anahesabu vikombe, hakusikia kitu. Ndiyo faida ya watu wanaohesabu.

Mchana akataka mtu wa kufanyia mazoezi. Nikajitolea, ili nimwonyeshe. Akanitajia maneno mengine kabisa: mlima, sahani, dirisha, njano, kofia. Nikayarudia kwa madaha. Kisha, katika soga ya dakika tano, akaniuliza kwa adabu tulikutanaje mimi na mume wangu. Ile ni hila. Nilipofika pale friji ya mama mdogo ilipoharibika na fundi akaingia mlangoni, saa ikalia. Nikakumbuka "kofia" tu, kwa kuwa siku ile alikuwa ameivaa.

Moja kwa tano. Akaandika kwenye daftari. Akasema kwa kanuni zilivyo, kesho nipangiwe kitanda upande wa ndani. Muuguzi Mkuu alikuwa na chai mdomoni, na sasa iko kwenye ratiba ya zamu.

Acheke. Ijumaa inakuja.


Ijumaa, 8 Machi

Siku ya ishirini na saba. USHINDI.

Leo wamepimwa wanne wa kwanza, wengine Jumatatu. Chumba cha mapumziko, pazia limefungwa, viti viwili (nilivibeba mimi) na Dada Saa akisoma maneno kwa sauti ya mtu anayetangaza ndege. Mimi nilikaa pembeni na jagi la maji, kwa kisingizio cha maji.

Wa kwanza, yule mama anayenisalimu kama shangazi yake: tano. Wa pili, mzee wa kiti cha magurudumu: tano. Bibi Cherehani: tano, kavu kavu, na akarudi kwenye kushona. Halafu Babu Posta. Soga ilikuwa ya viatu. Akamwambia Dada Saa viatu vyake havifai kwa barabara ya kokoto. Saa ikalia. Miguu ikatembea chini ya kiti. Ufunguo, kiti, mvua, kijiko, bluu. Mimi nilimwaga maji.

Dada Saa alikuwa anang'aa. Ishirini kwa ishirini, tathmini yake ya kwanza! Anaamini ni mazoezi ya viungo aliyoyaanzisha asubuhi. Muuguzi Mkuu aliitazama fomu muda mrefu, akaigeuza, akatazama nyuma, akaigeuza tena. Mwisho akatia sahihi. Fomu ni fomu.

Kwa hiyo Babu anabaki bustani. Na kwa kuwa ana tano, amekabidhiwa kisanduku chake mwenyewe cha dawa za presha, kile chenye vyumba saba, chumba kimoja kwa siku moja. Alikipokea kwa mikono miwili, kama kifurushi cha kusainiwa.

Bibi Cherehani alikitazama kile kisanduku. Kisha akanitazama mimi. Akaniuliza taratibu: huyu huyu aliyeniuliza mara tatu leo kama tumekunywa chai, na kikombe kiko mbele yake? Nikamwambia Bibi, mapenzi hufanya maajabu. Akasema hm.

Mume wangu amenipongeza kwa soda ya baridi, kutoka kwenye friji aliyoiponya leo kwa mikono yake. Nilikunywa nikiwaza wale wawili wamekaa chumba namba sita, mkono kwa mkono, kwa sababu yangu.


Jumapili, 10 Machi

Mwezi mmoja kamili wa ndoa. Nilipanga kuandika mengi juu ya hilo. Sitaandika.

Zamu yangu ilianza saa moja. Saa tatu kasoro nikamkuta Babu Posta amekaa chini kwenye ujia, mgongo ukutani, uso umepauka kama majivu. Akaniambia barabara ya leo imekuwa ndefu. Bibi Cherehani alikuwa amekaa sakafuni karibu yake. Sijui alishukaje na magoti yale. Miguu ya Babu ilikuwa mapajani mwake, ameiinua juu, anaisugua. Hakulia, hakupiga kelele. Alisema tu niite mtu, na nisikimbie, sakafu ina maji.

Muuguzi wa zamu akampima. Presha ilikuwa imeshuka vibaya. Akafungua kisanduku. Chumba cha Jumapili kitupu. Cha Jumatatu kitupu. Cha Jumanne kitupu. Kila alipokiona kisanduku, alikuwa hakumbuki kama amemeza. Kwa hiyo alimeza. Ni mtu mwangalifu, hakutaka kuchelewa.

Daktari alikuja, akamtundikia maji. Saa kumi jioni rangi ilikuwa imerudi na alikuwa anauliza kama tumekunywa chai.

Sijawahi kuogopa hivyo.

Bibi akaniita pembeni. Akasema anajua. Tangu Jumatano mchana, alipomsikia mume wake akiwapelekea watu viti na vijiko, alijua nimefanya nini na lile jibu lake la mlango. Alinyamaza kwa sababu hata yeye alitamani iwe kweli. Nikaanza kulia. Akanipa kipande cha kitambaa, akaniambia nipenge. Nikamweleza yote: foronya, ubao, upande wa ndani, miaka hamsini na mmoja. Akasikiliza. Akasema, "Bi Harusi, mimi siogopi kuta za ndani. Naogopa kuamka nimkute chini, na mikono yangu hii haina nguvu ya kumwinua." Nikamwuliza, na kutengana je? Akasema hilo pia analiogopa, usiku na mchana, lakini ni lake. Ningemwuliza kwanza.

Kisha akaniambia niende kwa Muuguzi Mkuu nikaseme kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikaahidi.

Lakini nimefikiri njiani. Kwa mdomo ni vigumu. Mdomo wangu hutetemeka na kuongeza mambo. Barua ni bora zaidi, na barua isiyo na jina ni bora kuliko zote: ukweli unafika, mtu hadhalilishwi. Nimeiandika kwa mkono wa kushoto mwandiko usitambulike. Mume wangu akaniuliza mbona nimetoa ulimi nje. Nimerudi makaoni usiku huu huu, nikaipitisha chini ya mlango wa ofisi ya Muuguzi Mkuu. Nimetulia sasa.


Jumatatu, 11 Machi

Siku ya thelathini.

Saa mbili kamili nikaitwa. Barua ilikuwa juu ya meza. Muuguzi Mkuu akaigeuza upande wa pili. Kumbe niliiandika nyuma ya fomu yangu ya kuomba likizo ya fungate, yenye jina langu, sahihi yangu na picha ndogo. Akaniuliza kama mkono wa kulia unaniuma.

Nikasema yote. Kwa mdomo. Ulitetemeka, lakini sikuongeza kitu.

Hakunifokea. Ningependa angefoka. Akasema ile alama siyo zawadi wala adhabu; ni ya kumwambia yeye nani anahitaji mkono na nani hahitaji. Nilimpa Babu tano, nikamnyang'anya mkono. Kisha akaita Dada Saa na kusema wanne wa Ijumaa wapimwe upya, kwa maneno mapya, na mimi nikae nitazame, bila jagi.

Mkate, daraja, sabuni, nyekundu, kofia.

Wakaanza na Mzee Redio, aliyekuwa kwenye foleni ya leo hata hivyo, Bibi Cherehani akishona pembeni akisubiri zamu yake. Dada Saa akamwomba kwanza jina lake kamili. Akajibu: ufunguo, kiti, mvua, kijiko, bluu, na huo ndio mwisho wa taarifa. Dada Saa akanigeukia. Sitaeleza yale macho.

Kisha Babu Posta, bado mnyonge, blanketi magotini. Akasomewa maneno. Akayarudia vizuri. Wakaongea juu ya mvua dakika tano. Miguu ilitembea kidogo chini ya blanketi, nikashika pumzi. Dada Saa akamwuliza, yale maneno matano yalikuwa yapi?

Babu akatabasamu. Akasema yote yamefika.

Akaulizwa yamefika wapi. Akasema kwa wenyewe. Moja tu hawakufungua mlango, amelipitisha chini. Dada Saa akamwuliza kwa upole sasa, lakini yalikuwa yanasemaje, Babu? Hapo akashangaa kidogo, akawa mkali kidogo. Akasema katika miaka thelathini na minne hajawahi hata siku moja kurudi nyumbani na barua ya mtu kwenye mfuko.

Hakuna aliyecheka. Dada Saa aliizima saa yake, akaishika mkononi. Sifuri.

Halafu Bibi Cherehani. Akasikiliza maneno, akayarudia, akaongea juu ya vifungo. Alipoulizwa, akasema hakumbuki hata moja. Hata moja? Hata moja. Kichwa kimekuwa kama chujio. Dada Saa akaandika sifuri, kalamu ikisita. Bibi akainuka, akafika mlangoni, akageuka na kumwambia Dada Saa kwamba aliposoma kwa Mzee Redio aliruka "sabuni", arekebishe.

Muuguzi Mkuu akaweka kalamu chini. Akamwomba Bibi arudi, akae. Akamwuliza kwa nini.

Bibi akatazama dirisha. Akasema mume wake anakwenda ndani, inavyoonekana. Na huyu Bi Harusi amemwambia wanaokwenda ndani hutengwa na wenzao. Sasa yeye angebaki bustani na tano yake aifanyie nini?

Muuguzi Mkuu akauliza nani alisema watatengwa. Wote wakanitazama. Nikatafuta kichwani ni nani aliyesema. Kabati la mashuka lilisema atahamishwa. Kutengwa niliongeza mwenyewe.

Kumbe mke na mume huhama pamoja, kwa alama yoyote ile. Upande wa ndani kuna chumba cha vitanda viwili, dirisha linatazama bustani ile ile, kiko wazi tangu Januari. Imeandikwa kwenye karatasi ukutani, pale tunaposaini kuingia. Miezi miwili nimekuwa naegemeza mwavuli wangu chini ya karatasi hiyo.

Bibi Cherehani akasema basi, na iandikwe tano yake, hataki sifuri isiyo yake.

Mimi: wiki mbili chumba cha kufulia. Na nisisogelee tathmini ya kumbukumbu, hata kwa kubeba viti.


Jumanne, 12 Machi

Siku ya thelathini na moja. Naandika nimekaa juu ya kapu la taulo, mashine ya kufulia inanitingisha mwandiko.

Wamehama leo asubuhi. Nilipeleka mashuka yao mapya (hilo ni kazi ya kufulia, si tathmini), kwa hiyo niliona. Vitanda viwili vimesogezwa vikagusana. Cherehani iko chini ya dirisha. Mhudumu wa ndani akamletea Babu kidonge kimoja na maji. Babu akakipokea, akakimeza, akamshukuru kwa kumletea mpaka mlangoni. Kisha akakaa kitandani, akauliza mtaa huu ni upi. Bibi akamwambia ni wa nyumbani. Akauliza namba. Akamwambia moja. Akatulia kabisa.

Akanitazama, akamwuliza mkewe huyu binti ni nani. Bibi akasema huyu ni mtoto mzuri, ila asipewe kazi ya kufikiri. Wakacheka wote wawili, mkono kwa mkono. Nilitoka na taulo usoni.

Mume wangu amesikiliza kisa chote, na mwisho akasema hata yeye friji nyingine huzifungua bure kabisa, kumbe plagi tu haikuchomekwa. Sijui alitaka kusema nini. Lakini alivyosema vizuri!

Hata hivyo, tukitazama kwa haki: wako pamoja. Nani alianza? Bila mimi wasingepimwa mara mbili, Bibi asingesema, karatasi ya ukutani isingesomwa na mtu. Naona ninacho kipaji, kinahitaji tu mpangilio mzuri zaidi.

Na nafasi imekuja kwa wakati. Nimesikia leo (nilikuwa ndani ya kapu kubwa natafuta soksi) kwamba Alhamisi daktari wa macho anakuja kuwapima wazee wote. Nimeingiwa na baridi. Babu Posta hushika gazeti kichwa chini. Jana aliliamkia koti. Wakimweka mbele ya ule ubao wa herufi ataaibika mbele ya mkewe, masikini, na hajamaliza hata wiki kwenye nyumba mpya.

Muuguzi Mkuu amenikataza kusogelea tathmini ya kumbukumbu. Ya macho hakuitaja. Nimekwisha kunakili ubao mzima, ule uliotundikwa chumba cha matibabu, mistari minane, na zile herufi ndogo za chini ambazo mimi mwenyewe nilizisoma kwa taabu. Kesho nampelekea taulo na tunaanza. Nina siku moja na nusu, inatosha. Atazisoma zote bila kukosea hata moja, mpaka daktari ashindwe kupata sababu yoyote ya kumpa miwani.